Ufadhili wa Marekani unamjenga au unamchosha mkimbiaji wa mita 800?

Kila mwaka kuna vijana wa Bonde la Ufa wanaopanda ndege kwenda vyuo vya Marekani kwa ufadhili wa riadha, na kila mwaka ubishi ni ule ule: wanaenda kukomaa au kumalizwa?

Wanaounga mkono hawakosi kumtaja Paul Ereng. Alikuwa mtu wa mita 400. Mita 800 alizianza mwaka 1988 akiwa Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka huo huo akawa bingwa wa vyuo, yaani NCAA, kisha akaenda Seoul. Kwenye fainali ya Olimpiki Nixon Kiprotich alianza kwa kasi ya kutisha, Ereng akatulia huko nyuma, na mita za mwisho akampita Joaquim Cruz, bingwa wa 1984. Dhahabu, kwa dakika 1:43.45. Ile ya mita 1500 ilikwenda kwa Peter Rono, naye mwanafunzi wa chuo kidogo cha Maryland, Mount St. Mary's.

Wapinzani watakwambia Rono hakutwaa tena taji kubwa. Kweli. Ila kudai ni chuo kilichommaliza ni kurukia jambo; mita 1500 zimewameza wengi ambao hawajawahi kuingia darasa la chuo.

Hoja yao nzito ni kalenda. Vuli ni mbio za nyika, baridi ikiingia ni mbio za ndani, halafu uwanja wa nje hadi fainali za NCAA mwezi Juni. Mashindano ya dunia mara nyingi huja Agosti, wakati miguu imeshachoka. Tena chuo kinahesabu pointi: mshindi huleta 10, wa pili 8, wa tatu 6. Kocha mwenye tamaa humkimbiza kijana mita 1500, kisha 800, halafu humwekea kijiti mkononi kwenye 4x400, yote wikendi moja. Sifa ni za chuo, maumivu ya misuli ni yake.

Na wenye kasi zaidi hawakupita huko. David Rudisha alifunzwa Iten na Brother Colm O'Connell, akakimbia 1:40.91 London 2012. Emmanuel Wanyonyi alishinda Paris 2024 kwa 1:41.19 bila kukanyaga chuo cha Marekani.

Lakini hao ni wawili, na sera haipimwi kwa Rudisha. Nchi hupeleka Olimpiki watu watatu tu kwa kila mbio. Kijana anayekimbia mita 800 kwa 1:47 Kenya ni mmoja wa wengi na timu ya taifa ataisikia redioni. Marekani, 1:47 hiyo hiyo humlipia digrii.

Kwa wa kipaji adimu, njia ya Emmanuel Korir inanivutia zaidi. Alikwenda UTEP, yaani Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, akafunzwa na Ereng yule yule, safari hii akiwa kocha. Mwaka 2017 alichukua ubingwa wa NCAA ndani na nje, akageuka mkimbiaji wa kulipwa mara moja, na kwenye Olimpiki ya Tokyo akashinda dhahabu ya mita 800.

Kwa hiyo wa 1:47 asaini. Wa 1:44 naye aende, ila kabla ya kusaini aulize mambo mawili: wikendi moja atakimbizwa mbio ngapi, na akiondoka baada ya mwaka mmoja, nani atamlipia masomo akitaka kurudi kumaliza.