Kanuni za Vyumba vya Meli za Kitalii: Zipi Zinamlinda Mtoto, Zipi Zinalinda Mapato

Baba, mama na watoto watatu wanaotaka kusafiri kwa meli ya kitalii kutoka bandari za Marekani kama Miami au Galveston hukutana na kikwazo mapema sana, pengine kabla hawajaiona bei. Vyumba vingi vya meli hizo vimejengwa kwa kipimo cha watu wawili. Baadhi huongezewa kochi linalogeuzwa kitanda, au vitanda vinavyokunjuliwa kutoka darini, ili vilaze watu wanne. Vya kulaza watano ni vichache na huwahi kuisha. Familia hiyo basi hulazimika kukata vyumba viwili, na wazo la kwanza linalowajia wazazi ni kwamba wao watalala kimoja na watoto, ambao mkubwa wao ana miaka 14, watalala cha jirani. Mfumo wa kukata tiketi mtandaoni mara nyingi hulikataa wazo hilo, kwa sababu chumba cha pili hakina mtu mzima ndani yake.

Kanuni hiyo haifanani kila mahali. Kampuni ya Royal Caribbean, kwa safari zinazoanzia Amerika ya Kaskazini, hudai kila chumba kiwe na mtu aliyetimiza miaka 21, ila huwaruhusu watoto kulala peke yao iwapo wazazi au walezi wao wamo katika chumba kinachopakana nao. Kampuni ya Carnival imechagua njia ya kupima umbali: mtoto wa miaka 12 au chini yake asilale zaidi ya vyumba vitatu kutoka kwa jamaa au mlezi wake, isipokuwa wakitazamana milango, wa miaka 13 hadi 17 asizidi vyumba vitano, na kijana wa miaka 18 hadi 20 asizidi vyumba kumi. Jamaa au mlezi huyo sharti awe ametimiza miaka 25. Kwa mtazamo wangu, njia hizi mbili, ile inayouliza ni jina la nani limeandikwa katika chumba na ile inayouliza mtoto yuko mbali kiasi gani na mzazi wake, hazina uzito sawa.

Kabla ya kuzilaumu kampuni, ni haki kuanza na kanuni ambazo hazistahili kulegezwa hata kidogo, nazo ni za hesabu ya watu. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, ambao toleo lake la kwanza lilitiwa saini mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, unadai mashua za kuokolea na vyombo vingine vya uokozi vitoshe watu wote waliomo melini. Unadai pia kila aliyemo ahesabiwe kabla meli haijang'oa nanga, na majina yaorodheshwe kwa kutofautisha watu wazima, watoto na watoto wachanga. Majaketi okozi ya watoto nayo yana kiwango chake: yasipungue asilimia 10 ya idadi ya abiria, na yaongezwe ikiwa watoto waliomo ni wengi kuliko hapo. Kwa safari ya saa 24 au zaidi, kila mtoto mchanga lazima awe na jaketi lake.

Hapa ndipo wazazi wengi hukasirika bila kuijua sababu. Mzazi huona katika picha kwamba chumba kina vitanda vinne, lakini mfumo unakataa kumpokea mtoto wa pili. Kitanda kipo, ila nafasi katika mashua na vituo vya kukusanyikia wakati wa dharura vya sehemu hiyo ya meli imekwisha kugawiwa wengine. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, huhesabiwa kuwa na abiria 5,610 kila chumba kikilala watu wawili, na hufikia takriban 7,600 vitanda vyote vikijaa. Tofauti hiyo ya karibu watu 2,000 hujazwa kwa sehemu kubwa na watoto, yaani watu wa tatu na wa nne katika vyumba vya wazazi wao.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa gharama ya kupuuza hesabu hiyo. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa na kibali cha kubeba watu 101. Kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, waliokufa walizidi 220. Vyombo vyetu vingi vimewahi kuwapakia watoto wa kubebwa mgongoni au mapajani kana kwamba hawana uzito wala hawahitaji jaketi. Inashangaza kwamba hata mkataba wenyewe wa kimataifa, katika tafsiri yake ya neno abiria, haumhesabu mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Jambo la kushukuru ni kwamba vifungu vya vyombo vya uokozi na vya orodha ya majina vinazungumzia watu wote waliomo, naye ni mmoja wao. Kwa hiyo kampuni inapomwambia mzazi kwamba mtoto wake wa miezi minane anachukua nafasi kamili katika chumba hata kama atalala katika kitanda cha kubebeka, inasema kweli, na mzazi hana sababu ya kubishana nayo.

Umri wa chini wa kupanda meli nao una hoja nzuri nyuma yake. Kampuni nyingi kubwa humkubali mtoto kuanzia miezi sita, na kwa safari za kuvuka Atlantiki au nyingine zenye siku tatu au zaidi mfululizo bila kufika bandarini hudai awe ametimiza mwaka. Wazazi hulalamika kwamba mtoto wa miezi miwili huruhusiwa kupanda ndege, jambo ambalo ni kweli, lakini ndege hufika baada ya saa kadhaa. Meli iliyo katikati ya bahari inaweza kuwa mbali kuliko helikopta ya uokozi inavyoweza kuruka, na zahanati yake, hata ikiwa na daktari hodari, si hospitali ya watoto.

Nikifika kwenye bei, imani yangu kwa kampuni hupungua. Bei ya chumba hupangwa kwa kudhani kwamba watu wawili watalala humo, na wawili wa kwanza hulipa nauli kamili bila kujali umri wao. Wa tatu na wa nne ndio hupunguziwa, na tangazo linaposema watoto wanasafiri bure huwa linawahusu hao tu, huku kodi za bandari na tozo za huduma zikibaki palepale. Mama anayesafiri na mtoto mmoja wa miaka minne hulipa nauli mbili za watu wazima. Ile familia yetu ya watu watano, ikipata chumba kimoja, italipa nauli kamili mbili na za punguzo tatu. Ikilazimika kukata vyumba viwili, italipa nauli kamili nne na ya punguzo moja, ingawa watoto ni walewale na wanakula chakula kilekile.

Watetezi wa kampuni husema kwamba melini bidhaa inayouzwa ni chumba, na kwamba vyumba haviongezeki meli ikishaundwa. Chumba ambacho wangelala watu wazima wawili, wenye kununua vinywaji na kulipia matembezi ya bandarini, kikichukuliwa na mama na mtoto wake mdogo, kampuni hupoteza mapato. Hoja hiyo ina mantiki ya biashara na siikatai. Ninachokataa ni kuichanganya na usalama. Mzazi anapouliza kwa nini mtoto wake analipa kama mtu mzima, na kujibiwa kwa maneno ya jumla kuhusu kanuni za meli, anafichwa jambo ambalo ana haki ya kulijua, yaani kwamba kanuni ya mashua ni sheria ya kimataifa ilhali kanuni ya nauli ni uamuzi wa kampuni, ambao inaweza kuubadilisha kesho ikitaka.

Umri wa miaka 21 nao unapaswa kutazamwa kwa jicho hilohilo. Royal Caribbean hutumia miaka 21 kwa safari za Amerika ya Kaskazini, lakini kwa safari zinazoanzia Ulaya mtu wa miaka 18 anaweza kushika chumba chake mwenyewe. Bahari ya Karibi si hatari kuliko Mediterania. Kinachobadilika ni mazingira ya kisheria na ya kijamii: Marekani umri halali wa kunywa pombe ni miaka 21, na likizo za wanafunzi wa vyuo za majira ya kuchipua huleta bandarini makundi ya vijana ambao kampuni haitaki kuwajibika kwa ulevi na uharibifu wao. Wasiwasi huo una msingi. Hata hivyo, kanuni iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi walio likizoni humkumba pia kijana wa miaka 19 anayetaka kusafiri na mdogo wake wa miaka 16 wakati wazazi wao wamebaki kazini, na pengine kijana huyo ndiye anayewalea wadogo zake nyumbani kila siku.

Matokeo mabaya zaidi ya kutazama majina badala ya umbali ni desturi ambayo sasa imezoeleka. Wasafiri wazoefu, na hata baadhi ya mawakala, huwashauri wazazi wamwandikishe baba na mtoto mmoja katika chumba cha kwanza, mama na watoto wawili katika cha pili, kisha wakishapanda wabadilishane na kulala wanavyotaka. Mapokezi ya meli mara nyingi huwatolea kadi za ziada za milango bila maswali. Kila mtu anajua, na kila mtu ananyamaza.

Zipo sababu za kuitetea hali hiyo. Kampuni inahitaji mtu mzima wa kuwajibika kwa kila chumba, kwa malipo na kwa uharibifu, na mpango wa majina unatimiza haja hiyo. Vyumba vikiwa jirani, kituo cha kukusanyikia kwa kawaida huwa kilekile, na kampuni kadhaa huwavisha watoto wadogo kikuku chenye alama ya kituo chao, kwa hiyo kubadilishana vitanda hakumpotezi mtoto. Lakini vyumba hivyo viwili vikiwa katika ghorofa tofauti, au kimoja mbele na kingine nyuma ya meli yenye urefu wa zaidi ya mita 300, mambo hugeuka. Kanuni inayotazama majina tu imetimizwa kikamilifu, na bado watoto watatu wamelala peke yao mahali ambapo, king'ora kikilia saa nane za usiku, mama atalazimika kupanda ngazi dhidi ya mkondo wa watu wanaoshuka. Baada ya msiba wa meli ya kitalii ya Costa Concordia wa tarehe 13 Januari 2012, uliowaua watu 32, kanuni za kimataifa zilibadilishwa ili mazoezi ya dharura yafanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mazoezi hayo hupungua thamani ikiwa orodha inasema mtoto yuko chumba kimoja naye analala kingine.

Kwa sababu hiyo naiona kanuni ya umbali kuwa bora, pamoja na kasoro zake. Haiwalazimishi wazazi kuandika uongo, na inagusa jambo lenyewe, ambalo ni muda atakaotumia mzazi kumfikia mwanawe. Kasoro yake ni kwamba vyumba vitano katika korido moja na vyumba vitano vinavyokatwa na mlango wa kuzuia moto si umbali mmoja. Inahitaji pia kampuni iwatengee wenye watoto vyumba vilivyounganishwa kwa mlango wa ndani, badala ya kuviuza kwa yeyote anayewahi na kuziacha familia zikitafuta masalio.

Limebaki suala la mlezi, ambalo kwa jamaa zetu walioko Marekani, Kanada na Uingereza lina uchungu wa pekee. Kampuni nyingi, mtoto anaposafiri bila mzazi au na mzazi mmoja, huomba au hushauri iwepo barua ya ridhaa, mara nyingi iliyothibitishwa na wakili. Kwetu, mtoto huweza kulelewa na shangazi au mama mkubwa kwa miaka kumi bila karatasi yoyote ya mahakama, na hakuna anayeuliza. Aidha, watoto wengi hubeba jina la baba yao kama jina la mwisho, kwa hiyo mama na mwanawe wa kumzaa hufika bandarini na pasipoti zisizofanana majina, na ofisa huanza kuwahoji mbele ya foleni.

Maswali hayo hayaulizwi kwa chuki tu. Utoroshaji wa watoto kati ya nchi na nchi, mara nyingi unaofanywa na mzazi mmoja dhidi ya mwenzake, ulikuwa mkubwa kiasi cha kuzaa mkataba wa kimataifa wa The Hague mwaka 1980, na meli inayopita nchi nne kwa wiki moja ni njia rahisi ya kumpeleka mtoto asikotakiwa. Siwezi kuwaomba maofisa waache kuuliza. Ninaloziomba kampuni ni kuyaeleza masharti haya waziwazi siku ya kukata nafasi, kabla ya malipo ya awali kupokelewa, ili shangazi apate muda wa kuitafuta barua hiyo Arusha au Kisumu, na mama abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Sharti linalofunuliwa bandarini asubuhi ya safari, wakati nauli hairudishwi tena, halimlindi mtoto ambaye mizigo yake imeshapakiwa melini.