Fahirisi ya h haitoshi kumchagua profesa wa afya

Kuna tangazo la kazi linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wahadhiri hapa Kisumu. Mwombaji wa uprofesa mshiriki katika kitivo cha afya lazima awe na fahirisi ya h (kipimo cha idadi ya makala za mtafiti na mara zinavyonukuliwa na wengine) isiyopungua 15, "bila kujali taaluma". Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyonikera. Halafu halisemi hata hesabu itoke wapi. Google Scholar inahesabu mpaka tasnifu na rasimu za mtandaoni, Scopus, hifadhidata ya makala za majarida, haifanyi hivyo, na mtu yule yule hupata namba mbili tofauti.

Fahirisi hii ilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Unazipanga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi, unashuka mpaka namba ya mstari ipite idadi ya nukuu; mstari wa kabla ya hapo ndio fahirisi yake. Mwenye makala tano zilizonukuliwa mara 400, 90, 12, 5 na 3 anapata 4. Mwenye makala kumi, kila moja mara 10, anapata 10, ingawa nukuu zake zote ni 100 na za mwenzake ni 510. Kumkata huyo wa kwanza kabla hata ya kuisoma ile makala ya 400 ni kumdhulumu.

Sasa weka taaluma. Makala ya kinga ya mwili huwa na marejeleo mengi, na maabara zinazoandika juu ya mada hiyo zimejaa duniani, kwa hiyo nukuu huanza kuingia mapema. Makala ya uuguzi hutumiwa zaidi na watu wasioandika makala kabisa, kwa sababu wako wodini. Dawa yake inajulikana: chukua nukuu za makala, gawanya kwa wastani wa makala za taaluma hiyo hiyo, mwaka huo huo, aina hiyo hiyo. Tuseme makala ya uuguzi ina nukuu 12 na wastani wa wenzake ni 6: inapata 2.0. Ya kinga ya mwili ina 40 na wastani ni 50: inapata 0.8. Scopus wana kipimo hiki. iCite, tovuti ya NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, inatoa kipimo cha jamii hiyo bure, unabandika tu namba za makala kutoka PubMed, hifadhidata ya makala za tiba. Ila usichanganye utafiti wenyewe na makala za mapitio, yaani zinazokusanya tafiti za wengine, maana mapitio hunukuliwa zaidi, na makala ya mwaka jana usiihukumu bado: nukuu moja tu inaigeuza hesabu nzima.

Kuna na suala la majina, ambalo huku kwetu ni zito. Akina Otieno J na Odhiambo P ni wengi mno. Google Scholar humbebesha mtu makala za mwingine, na asipozifuta anaonekana mkubwa kuliko alivyo. Ochieng' mwenye alama ya king'ong'o mwishoni na Ochieng asiye nayo huweza kuhesabiwa kama watu wawili, na mwanamke aliyeongeza jina la mume rekodi yake hukatika katikati. Paneli ya uteuzi idai namba ya ORCID, utambulisho wa kipekee wa mtafiti wenye tarakimu 16, kisha ikague orodha mstari kwa mstari.

Mpangilio wa majina nao una mtego. Kwenye tiba, jina la mwisho mara nyingi ni la kiongozi wa utafiti. Kwenye uchumi, wengi hufuata alfabeti, hivyo Wekesa atakuwa mwisho daima na Achieng mwanzo, hata kama kazi waligawana sawa.

Tena tukumbuke Asembo na Gem, huko Siaya. Jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa lilionyesha vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi 59 vikipungua kwa asilimia 16, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003 katika American Journal of Tropical Medicine and Hygiene. Kigezo cha jarida (impact factor, wastani wa nukuu za makala zake) huzitazama nukuu za miaka miwili tu baada ya mwaka wa kuchapishwa; vyandarua bado vinatundikwa Siaya mpaka leo. Na mwongozo wa wizara ukiutegemea utafiti fulani, mara nyingi matumizi hayo hayatokei kwenye hesabu za Scopus. Hilo linaniuma kuliko yote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba namba huzuia kazi kupewa mtu wa nyumbani au wa kabila. Basi zibaki, lakini zikae chini ya makala zenyewe. Mwombaji alete tano anazozichagua, kila moja na sentensi mbili: yeye alifanya nini hasa, na nani anayatumia matokeo. Paneli izisome kabla ya siku ya mahojiano, na awemo angalau mmoja wa taaluma ya mwombaji. Tarehe ya mwisho ya maombi haijafika. Mstari ule wa 15 bado unaweza kufutwa.