Siku Gari Langu Lilipotembea

Kwa miaka mitatu mfululizo nilikuwa nikimwahidi mke wangu kwamba Land Rover iliyolala ubavuni mwa nyumba yetu ingetembea mwezi ujao, na kwa miaka yote hiyo mitatu mwezi ujao ulikataa katakata kufika. Gari lenyewe ni Series IIA ya mwaka 1967, na nilipolileta nyumbani likiwa limebebwa mgongoni mwa lori nilikuwa na hakika kwamba kazi iliyobaki ni ya wikiendi mbili tu, kwa kuwa bodi yake haikuwa na hata alama ya kutu. Nilisahau kwamba magari haya yalipoanza kuundwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, ambayo haioti kutu hata ukiitelekeza mvuani. Chasisi, yaani fremu inayolibeba gari zima, kwa upande wake ni chuma kitupu kilichoungwa mithili ya boksi refu, nacho huoza kutoka ndani, kimyakimya, huku bodi ikiendelea kukutabasamia. Nimeichomelea viraka hadi sasa sijui kama niliyonayo ni chasisi yenye viraka au ni viraka vilivyoamua kuishi pamoja.

Jumamosi hiyo, hata hivyo, sikuwa na shughuli na chasisi. Nilikuwa nimekusudia kufungua propela ya nyuma, yaani ule mhimili wa chuma unaozunguka na kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, ili nibadilishe krosi zake, vile viungo vya kwenye ncha zake, ambazo zilikuwa zimelegea kiasi kwamba ukiitikisa propela kwa mkono ilikujibu kwa mlio. Ni kazi ndogo: nati nne upande wa difu (zile gia zilizo katikati ya ekseli, zinazozungusha magurudumu), nati nne upande wa giaboksi, spana ya 9/16, na subira.

Mimi ni mtu mwangalifu, na ninaomba hilo likumbukwe katika yote yatakayofuata. Kabla ya kuingia chini ya gari nilivuta hendibreki hadi ikalia, kisha nikaingiza gia ya kwanza, nikajipongeza kwa kuweka walinzi wawili pale ambapo mafundi wengi huridhika na mmoja. Kabari mbili za mbao, nilizozichonga mwenyewe kwa ajili ya kuzuia magurudumu, sikuziweka, kwa sababu zilikuwa zimeegemeza rafu ya vifaa na kuziondoa kungeiangusha rafu.

Hapa sina budi kueleza jambo moja kuhusu gari hili. Hendibreki yake haishiki magurudumu. Ngoma yake imefungwa nyuma ya giaboksi, pale pale propela ya nyuma inapoanzia, kwa hiyo ukiivuta unaishika propela, propela inaishika difu, na difu ndiyo inayoyazuia magurudumu ya nyuma. Gia nayo, ikiwa hujabonyeza kile kirungu cha manjano kinachounganisha magurudumu ya mbele, inapitia njia hiyo hiyo moja. Kwa maneno mengine, walinzi wangu wawili walikuwa wamefungwa kwa kamba moja, na kamba hiyo ndiyo niliyokuwa nakwenda kuikata. Si kwamba sikulijua jambo hilo. Wiki chache kabla nilikuwa nimemweleza kijana mmoja habari hizo kwa kirefu, kwa sauti ya mwalimu, nikamchorea na mchoro mavumbini.

Nililala chali nyuma ya gari, miguu ikiwa nje, kichwa kikiwa chini ya bampa, mikono nimeipitisha chini ya ekseli kuelekea difu. Nati tatu zilifunguka kwa heshima. Ya nne ilinigombanisha kwa muda wa nusu saa, ikanichubua vidole viwili, na kunimwagia usoni udongo mkavu uliochanganyika na grisi. Ilipotoka, propela haikushuka, maana ilikuwa imeganda mahali pake, basi nikaipiga nyundo kidogo. Haikutikisika. Nikaipiga tena, safari hii kwa hasira.

Propela ilianguka chini kwa kishindo, nami nikacheka kwa furaha. Nilikuwa bado nacheka nilipoona difu inaniaga.

Ujia wetu una mteremko mdogo sana, ambao sikuwahi kuutilia maanani hadi siku hiyo. Gari liliondoka taratibu, bila papara, kama mgeni asiyetaka kuwaamsha wenyeji. Ekseli ilisogea mbele ikaniachia mikono yangu, bampa ikapita juu ya uso wangu, kisha nikaona anga. Kulikuwa na wingu moja dogo, nami nilikuwa nimelala pale nimenyoosha spana juu, kama mtu aliyeitwa kukaza nati ya wingu.

Nilipopata akili nilinyanyuka nikalifukuza, nikalishika mlango wa nyuma na kukita visigino ardhini, lakini gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja halina habari na visigino vya mtu. Nilizunguka upande wa dereva, nikarukia ndani, nikaikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Pedali ilishuka hadi sakafuni bila kipingamizi chochote, ndipo nikakumbuka kwamba silinda kuu ya breki nilikwisha kuing'oa wiki iliyotangulia, na kwamba ilikuwa ndani ya bakuli, juu ya kabati la jikoni. Kilichobaki ni usukani, ambao katika gari hili huuzungusha kwanza, halafu ukasubiri majibu. Majibu yalikuja tulipokuwa tayari tumeingia katika ua wa michongoma wa jirani, huku propela ikiburuzika nyuma yetu kwa kelele kama mkia wa bati.

Jirani yangu, mzee mpole aliyestaafu, alikuwa upande wa pili akimwagilia maua. Aliuweka mpira wa maji chini, akalitazama gari tangu boneti iliyochungulia katikati ya matawi hadi mimi niliyekuwa nimeung'ang'ania usukani, uso ukiwa mweusi kwa grisi.

"Hongera sana, jirani," akasema. "Kumbe hatimaye limetembea!"

Nilimshukuru. Sikuona njia nyingine.

"Na injini umeitengeneza ikatulia," akaongeza, akitikisa kichwa kwa kustaajabu. "Haisikiki kabisa."

Walihitajika watu sita kulirudisha juu, na madigadi ya kushoto, ambayo nilijisifu kwamba haitaota kutu maisha yangu yote, ilikuwa imebonyea mithili ya kikombe, kwa kuwa alumini haiozi lakini haina ubishi. Tulipomaliza kusukuma, mke wangu alitoka jikoni akiwa amelibeba bakuli kwa mikono miwili, akalitua polepole juu ya boneti.

"Baba watoto," akasema, "ulisahau breki zako."