Gari jeusi: ulichouziwa ni polishi au ni mafuta?

Washa tochi ya simu baada ya magharibi, simama kando ya Harrier nyeusi, mulika boneti. Utaona utando wa buibui pale mwanga unapogonga, na ukisogeza tochi, utando nao unahama. Watu huiita mikwaruzo ya duara, ingawa yenyewe haina duara lolote. Imelala kila upande, ila jicho linaona ile tu iliyokaa mkingamo na mwanga, ndiyo maana inajipanga kama pete kuizunguka taa. Gari jeupe lililoegeshwa pembeni linayo vilevile. Jeusi limenyimwa mahali pa kuificha: rangi ya chini inameza mwanga karibu wote, kwa hiyo kila mkwaruzo unaotawanya mwanga unaonekana kama chaki ubaoni.

Barabara hapa inasingiziwa. Mhusika mkuu ni lile fagio la manyoya la kila asubuhi getini, linalosukuma vumbi kavu juu ya rangi kavu. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia, lile tabaka la juu linaloonyesha na kuilinda rangi. Wa pili ni sponji iliyoanguka chini ikarudishwa kwenye ndoo bila kusuuzwa. Wa tatu ni sabuni ya unga ambayo punje zake hazijayeyuka, na ambayo juu ya hayo inaivua nta yote.

Ninachopinga ni biashara iliyojengwa juu ya utando huo. Polishi ya dakika 40 inayopigwa sehemu nyingi za kuoshea magari mara nyingi ni mafuta na nta vinavyojaa ndani ya mikwaruzo. Gari linatoka linawaka, na baada ya kuoshwa mara tatu nne utando umerudi. Kuhakikisha ni rahisi: changanya sehemu 1 ya isopropili alkoholi na sehemu 4 za maji safi, pulizia kidogo, futa kwa maikrofaiba safi, mulika tena. Mikwaruzo ikiibuka palepale, umelipia mafuta. Mafuta yana wateja wake, hasa anayetaka kuuza gari Jumamosi, lakini yasiitwe kuondoa mikwaruzo wala yasitozwe bei hiyo.

Kuondoa mkwaruzo ni kuishusha klia yote mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Hakuna kinachojazwa. Klia ya kiwandani huwa na mikroni 35 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi, na raundi moja nyepesi ya polishi inakula mikroni 1 hadi 3. Ukirudia kila baada ya miezi mitatu kwa dawa kali, jua la pwani litamalizia kazi na klia itaanza kubanduka kama ngozi ya kitunguu. Kwa sababu hiyo fundi mzuri anaacha mikwaruzo mingine makusudi. Ule unaonasa ukucha ukiupitisha juu yake uachwe, au upelekwe kwa fundi rangi.

Kipima unene wa rangi ni kifaa cha lazima. Magari mengi ya Japani yenye rangi ya kiwandani husoma mikroni 90 hadi 150, hiyo ikiwa ni jumla ya tabaka zote. Fenda ikisoma 250 ilishapakwa upya. Ikivuka 1,000, chini yake kuna puti, kijazio cha mabonde. Kumbuka kwamba vipima vya kawaida havisomi juu ya bampa la plastiki, na havikuambii klia peke yake ni kiasi gani.

Toyota nyingi nyeusi zinazoingia Dar es Salaam zina rangi nambari 202, utaikuta kwenye kibati cha gari. Inajulikana kwa ulaini wake, hata kitambaa kibaya kinaiachia alama. Ulaini huo ni mtego. Mikwaruzo inatoka haraka, fundi anafurahi, kumbe dawa ileile iliyoitoa imeacha ukungu wa mikwaruzo midogo zaidi ambao utaonekana gari likiwa juani. Na kama gari ni la zamani au lilipakwa gereji, anza na kitambaa cheupe na polishi kidogo, sugua mahali palipojificha. Kikitoka cheusi, hakuna klia, unasugua rangi yenyewe. Bado inapigika polishi, ila pedi za mashine zitajaa upesi na utahitaji nyingi zaidi.

Sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla mashine haijawashwa. Gari lisuuzwe kwa presha, lioshwe kwa shampuu ya gari na ndoo mbili: moja ya povu, nyingine ya kusuuzia glovu ya kuoshea. Kisha dawa ya kuyeyusha chembe za chuma zinazotoka kwenye breki. Inageuka zambarau inapozikuta, na isiachwe ikaukie. Halafu klei, udongo laini wa kunasia uchafu uliogandia rangi, pamoja na maji ya shampuu yanayoteleza vizuri. Vaa mfuko laini wa nailoni mkononi (kama bado umeficha mmoja tangu marufuku ya 2019) na upapase boneti: ikiwa bado inakwaruza kama msasa laini, klei haijamaliza. Kwenye 202 klei yenyewe itaacha alama, hivyo usiipige kama huna mpango wa kufuatisha polishi. Madoa meupe ya maji ya kisima yanaguswa kwa siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, dakika moja, kisha suuza. Yanayobaki yameshaichimba klia.

Funika kwa utepe wa karatasi raba za madirisha, nembo, plastiki zisizo na rangi na kingo za kona. Plastiki hizo zikinywa polishi zinabaki na weupe unaokera, na kwenye kingo rangi ni nyembamba kuliko mahali pengine popote. Watu wengi wanachoma klia hapohapo.

Sasa mashine. Kwa rangi nyeusi laini chagua ile inayozunguka huku ikitikisika, yenye mtikisiko wa milimita 8 au 15, na umalizie nayo kazi nzima. Mashine ya mzunguko mmoja yenye pedi ya sufi inakata haraka, lakini mkono usiozoea huacha mawimbi yanayocheza juani kama mafuta juu ya maji. Na ukiona sufi imefungwa kwenye grenda ya kukatia vyuma, chukua funguo zako uondoke. Grenda inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya mzunguko mmoja hufanya kazi kati ya 600 na 1,500 au zaidi kidogo.

Kabla ya gari zima, jaribu kipande cha sentimita 50 kwa 50 katikati ya boneti. Anza na pedi laini ya kumalizia na polishi laini. Paka pedi mpya polishi kidogo uso wote, kisha weka matone 3 au 4 ya ukubwa wa njegere. Sambaza mashine ikiwa taratibu, ipandishe hadi kasi namba 4, songa kama sentimita 3 kwa sekunde, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Wima, mlalo, mara nne jumla. Futa, pulizia alkoholi, mulika. Kama nusu ya mikwaruzo imebaki, badilisha pedi kwanza kabla ya kubadilisha dawa. Watu wanakimbilia kompaundi kali, yaani dawa ya kukata, wakati pedi ngumu kidogo ingetosha.

Chora mstari kwa kalamu pembeni ya sahani ya mashine inayoshika pedi. Mstari ukionekana umesimama, pedi imeacha kuzunguka. Umekandamiza sana au umeinamisha mashine, na unachofanya ni kupasha joto tu. Polishi ikinata na kufutika kwa shida, umeweka nyingi au bodi ni ya moto, kwa hiyo fanya kazi kivulini, na boneti ikikuunguza kiganja, subiri. Pedi isafishwe kwa brashi kila baada ya kipande, na gari zima lipate pedi 5 au 6 za kila aina. Pedi iliyojaa klia iliyokatwa inageuka msasa. Kwenye bampa punguza kasi, maana plastiki haisambazi joto kama bati.

Ukungu ukibaki mwishoni, rudi na pedi laini kabisa, namba 3, uzito wa mashine peke yake. Hapa ndipo kazi nyeusi inapochukua muda. Gari la ukubwa wa Harrier kwa hatua moja ni saa 8 hivi. Kwa hatua mbili, yaani kukata kisha kumalizia, siku mbili. Anayekuahidi yote kabla hujamaliza soda atakupa yale mafuta.

Seramiki, ile dawa ya kupaka juu ya rangi ili kuilinda, inafaa, ila haifichi kitu. Inafunga kilichopo chini yake. Ile 9H ya kwenye boksi ni kipimo cha ugumu kwa penseli, na haizuii fagio la manyoya. Kwa unyevu wa Dar paka vipande vidogo na ufute mapema, kwa sababu sehemu iliyosahaulika ikikauka inabaki na doa la upinde wa mvua, na litatoka kwa polishi tu. Gari lilale ndani usiku mmoja, lisioshwe kwa sabuni siku 7. Baada ya hapo ni ndoo mbili, glovu ya maikrofaiba, na taulo kubwa ya kukaushia inayolazwa na kuvutwa taratibu bila kusugua. Vumbi la asubuhi liache likae mpaka siku ya kuosha.