Potsdam: ushawishi mkubwa na hesabu iliyofutwa

Taasisi ya Potsdam ya Utafiti wa Athari za Mabadiliko ya Tabianchi, PIK, ilianzishwa Ujerumani mwaka 1992, na heshima yake haikuokotwa. Mwanzilishi wake, Hans Joachim Schellnhuber, ni mmoja wa walioandika makala ya mwaka 2008 kuhusu sehemu za dunia, kama barafu ya Greenland na msitu wa Amazon, ambazo zikisukumwa kupita kiasi huenda zisirudi zilivyokuwa. Wataalamu wake wameshiriki kuongoza ripoti za IPCC, jopo la kimataifa la sayansi ya tabianchi chini ya Umoja wa Mataifa.

Lakini kunukuliwa sana ni jambo moja, kuwa sahihi ni jingine. Aprili 2024 watafiti wa PIK walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba mapato ya dunia yatakuwa pungufu kwa asilimia 19 katikati ya karne, yakilinganishwa na dunia isiyo na mabadiliko ya tabianchi. Vyombo vya habari viliidaka namba hiyo. NGFS, mtandao wa benki kuu unaopima hatari za tabianchi, nao ukaiingiza njia hiyo ya kukadiria hasara katika hesabu zake mwaka huohuo.

Agosti 2025 wachumi wengine walionyesha tatizo: takwimu za Uzbekistan, hasa za miaka ya 1990, zilikuwa na kasoro. Ukiiondoa nchi hiyo moja, hasara iliyokadiriwa kwa mwaka 2100, gesijoto zikiendelea kumwagwa kwa wingi, inashuka kutoka asilimia 62 hadi 23. Waandishi walirekebisha, ile 19 ikawa 17, lakini Desemba 2025 makala ikafutwa.

Wapo wanaosema hiyo ndiyo taasisi inayotanguliza harakati mbele ya sayansi. Sikubaliani nao. Kasoro ilibainika kwa sababu data na programu za hesabu ziliwekwa wazi, na mwenye la kuficha hafanyi hivyo. Aliyeharakisha ni mtumiaji: njia ya makala moja, mpya, haikupaswa kufika kwenye meza za benki kuu upesi hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni nchi maskini. Makala hiyo ilisema zitaumia kuliko zote ingawa zimechafua kidogo, na tafiti nyingine nyingi zinasema vivyo hivyo. Sasa asiyetaka kuzilipa fidia amepata kisingizio. Wanaozitetea mezani waiache ile 19 na washike ushahidi wa tafiti nyingi, uliokuwepo kabla yake na ambao bado haujatikisika.