Bendi ya watu watano, wote ni Madlib

Wiki nzima naizungusha Shades of Blue, albamu ya Madlib, prodyuza wa hip hop wa Marekani, ya mwaka 2003, na naona watu wengi wanaisifia kwa sababu siyo. Kila mtu anakupa stori ya stoo, kwamba Blue Note, lebo ya jazi ya tangu 1939, walimfungulia jamaa kanda zao achote sampo, yaani vipande vya kujengea biti, anavyotaka. Sawa, stori tamu, na ukiweka ule wimbo Montara unaelewa kabisa, ile vaibrafoni, ala ya vyuma vya kugonga, ya Bobby Hutcherson inazunguka taratibu, bezi imelala chini huko, ngoma kama ndo kwanza zimeamka, yaani biti haiendi popote na wala hutaki iende.

Ila mimi kilichonimaliza ni Footprints. Wimbo wa Wayne Shorter, mpiga saksafoni wa jazi, aliurekodi 1966, na humu umeandikwa wamepiga Yesterdays New Quintet, yaani bendi ya watu watano. Watano wapi? Ni Madlib peke yake, kinanda yeye, bezi yeye, ngoma yeye, majina ya wenzake kayatunga mwenyewe! Na mimi zamani kabla sijajua nilishamsifia sana mpiga kinanda wa hiyo bendi huku namponda mpiga ngoma kwamba anajikwaa, kumbe namsema mtu yuleyule.

Na kwa kweli jamaa si fundi wa kutisha wa ala, mjomba wake Jon Faddis ndo mpiga tarumbeta hasa. Madlib anapiga kama mtu aliyezoea kukata sampo, anashika kipande kidogo anakirudia mpaka kinakuingia, halafu mkono unateleza kidogo na anauacha hivyohivyo. Hapo ndo naona hip hop yenyewe ilipo, imehama kwenye mashine ikaingia kwenye vidole. Siku hizi tunaletewa sana vipande vya piano vimebandikwa ngoma juu, basi, muziki wa kusomea, hata ukizima hushtuki.

Haimaanishi kila kitu humu kimekaa vizuri. Vile vipande vya maongezi katikati ukishavisikia mara mbili unavirusha, na M.E.D. anapoingia kurap, mistari yake haina shida ila mi nlikuwa nshazama kwenye biti, ni kama mtu kakuamsha akuulize saa ngapi.

Jana usiku nimeanza na Footprints ya Shorter halafu nikaunganisha na hii. Mpiga ngoma bado anajikwaa, na nimeirudisha mara nne.