Chesisi ya hotirodi ya kwanza: uchomelee yako ama uvue pikapu?

Kuna kijana tunajuana huku Kariobangi Light Industries, ametoa bodi ya pikapu ya miaka ya 50 kwenye shamba moja huko Nakuru. Bodi iko sawa, lakini chesisi yake, ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari yote, kutu imeimaliza, ukiigonga inamwagika. Sasa anataka ajenge hotirodi, yaani gari ya zamani iliyopunguzwa uzito ikawekwa injini ya nguvu, ya kwanza maishani, na amepata mashauri mawili. Fundi wake anasema wanunue chuma wachomelee chesisi mpya, wiki mbili kazi imeisha. Mjomba wake anasema hapana, tafuta pikapu ya Kijapani iliyozeeka, vua bodi yake, weka hii yako juu. Ameniuliza nani ako sawa.

Mimi niko na mjomba. Lakini huyo fundi hajasema upuzi, na wengi wetu tunaopenda magari tunajua venye anaona.

Hotirodi ilianzia kwa vijana wa California miaka ya 1930, walikuwa wanachukua Ford za bei rahisi, Model T na Model A, halafu ile ya 1932 iliyokuja na V8, wanang'oa madigadi gari iwe nyepesi wanaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Umbo lenye tunapenda lilitoka hapo: chesisi nyembamba inaonekana ubavuni chini ya bodi, ekseli ya kipande kimoja mbele, magurudumu nje kabisa, injini kila mtu anaiona. Chesisi ya pikapu ya Kijapani haikuchorwa hivyo. Inapanda juu ikipita difu, mbele ina mikono ya saspenshoni imejazana, na ukiiwekea bodi ndogo isiyo na madigadi inakaa kama mtoto amevaa viatu vya babake. Fundi anataka umbo la kweli, na kwa hilo ako sawa kabisa.

Ata kwa bei ya chuma ako sawa. Tyubu ya milimita 100 kwa 50, unene wa 3, inauzwa urefu wa mita 6 pale Industrial Area na moja ina uzito kama kilo 40, mbili zinakutolea mihimili yote miwili ya pembeni na ile ya kukingama katikati ubaki na vipande. Chuma si gharama. (Kuagiza chesisi iliyo tayari kutoka Marekani sitaongea sana, manake kwa kawaida imewekewa boksi ya stelingi na pedali upande wao wa kushoto, na huku utaanza kukata kitu umelipia hadi Mombasa.)

Shida iko kwa vipimo. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia rafiki kujenga moja, na tulimpa fundi wa mageti, mtu mikono safi sana, weldi yake unaiangalia unafurahi. Alichomelea upande mmoja wote bila kupumzika halafu akaenda upande mwingine, joto likavuta chuma, na hatukupima mshazari, kona hadi kona, hadi gari ilipoanza kutembea. Ilikuwa inaenda kama kaa. Ukifika 80 pale Thika Road inavuta kushoto, ukikanyaga breki inavuta zaidi, tairi za mbele zilikwisha kabla ya miezi miwili. Geti likipinda milimita 10 linasugua chini unalisaga kidogo limeisha, lakini chesisi ikipinda hivyo, ekseli mbili haziangalii mahali pamoja na hakuna alaimenti itarekebisha. Halafu hiyo ekseli ya mbele lazima ilale nyuma kidogo kwa juu, watu huiweka kati ya digrii 5 na 7, ndio usukani ujirudishe wenyewe ukitoka kona. Kosea hiyo na gari itatangatanga barabarani, na mtu wa mara ya kwanza atalaumu tairi, atalaumu boksi ya stelingi, atanunua spea Kirinyaga Road wiki baada ya wiki akitafuta kosa lililochomelewa ndani ya chuma.

Pikapu ya zamani imeshajibiwa hayo maswali yote na kiwanda. Stelingi, breki, springi, difu, vyote viko mahali pake na upande wetu wa kulia. Na iko na namba ya chesisi na logibuku. Hapa ndipo nashangaa watu wanapita haraka, gari yetu kwa NTSA, wale wa kusajili magari, inajulikana kwa hiyo namba, sasa chesisi ya kuchomelea nyuma ya duka utaipeleka inspekshoni Likoni Road uiite nini? Kubadilisha bodi au injini ni karatasi za kufuata, sawa, lakini unaanza na gari iliyopo.

Sasa ni pikapu gani. Asianze na jina la gari, aanze na bodi: apime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma venye bodi inataka. Ford ya 1932 ilikuwa inchi 106, Land Rover ya zamani ile ndefu ni 109, kwa hivyo si mbali vile watu wanadhani, ila chesisi ya Land Rover huoza kutoka ndani, ipitie yote na nyundo. Kwa bodi yake mimi ningeangalia Nissan Hardbody isiyo fowili. Mbele ina springi ya fimbo inayorekebishwa kwa bolti, unashusha sentimita kadhaa bila kukata chochote, na nyuma unaweka bloku kati ya springi na ekseli. Asishushe sana, matuta ya mitaa yetu yanajulikana. Ikiwa ndefu, akate katikati tu, mbali na mahali springi zinashikilia, akate kwa mshazari na aweke bamba ndani ya kiungo, halafu propela ifupishwe na ibalansiwe.

Na ule ubaya wa mbele? Abakishe madigadi. Bodi yake ni pikapu ya miaka ya 50, ilizaliwa na madigadi makubwa mazuri, yatafunika ile mikono yote na hakuna kitu itapoteza. Kama bodi ingekuwa ya Model A wazi mbele, hapo ningesikiza fundi zaidi, lakini bado ningemwomba kwanza anionyeshe meza ya chuma ya kushikilia kazi isipinde akichomelea.

Kitu kimoja mjomba hajamwambia: pikapu nyingi za hapa zimebeba mawe na mchanga kupita kiasi, zingine zimepinduka zikanyooshwa. Kwa hivyo akiipata asivue bodi siku hiyo. Aiendeshe wiki nzima, aachilie usukani kidogo mahali pa wazi aone inaenda wapi, alinganishe namba na logibuku. Halafu avue, aende na tepu na rafiki mmoja, apime kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na ile nyingine, na zikitofautiana zaidi ya milimita 5 au 6 arudishe bodi auze iende, atafute ingine.